Fundo Moja Lisilofunga

Saa tano asubuhi, umande umeshakauka, robota la nyasi kavu linateleza kutoka nyuma ya bela, mashine inayozishindilia nyasi na kuzifunga kwa kamba mbili, likiwa limefungwa upande mmoja tu. Kamba ya kushoto imekaza. Ya kulia inaburuzika. Kabla dereva hajashuka kwenye trekta, robota limeshatanuka na kumwagika chini kama kitanda kilichovunjika mguu.

Dakika inayofuata ndiyo yenye thamani kuliko zote siku hiyo, na karibu kila mara hupotea. Mtu anaokota kamba iliyoshindwa, anaikunja, anaitupa kando. Mwingine ameshashika spana. "Bosi, hapa ni kichwa cha kufungia tu." Nati ya kwanza imeshalegezwa.

Kamba ile iliyotupwa ndiyo imenisumbua wiki kadhaa sasa.

Maana ndiyo iliyokuwa na jibu.

Mashine ya zamani haina siri

Wanaofuga Kigamboni, Chanika au Bunju hawahitaji kuelezwa kwa nini hei, yaani nyasi kavu za mifugo, inatafutwa kuanzia Vikuge hadi Ruvu, wala kwa nini bela inayopatikana ni ya mtumba. New Holland, Massey Ferguson, John Deere, Welger, Claas: rangi tofauti, akili ni moja. Chumba cha robota huwa karibu sentimita 36 kwa 46. Kichwa cha kufungia kinafuata wazo la John Appleby wa Marekani, aliyelibuni miaka ya 1870 kwa ajili ya kufunga ngano. Hakuna kompyuta wala sensa. Kila inachofanya kinaonekana kwa macho, ilmradi utulie na kukizungusha polepole.

Shida ni kwamba hatutulii. Kichwa kina springi, nati na gia nyingi mahali pamoja, na kitu chenye nati nyingi kinamwita fundi. Kufika jioni nati tano zimeguswa, na hakuna anayekumbuka ya kwanza ilikuwa imekaa wapi.

Kamba inasema nini

Tukubaliane kwanza majina, maana kila gereji ina yake. Sindano ni chuma kirefu kilichopinda kinacholeta kamba kutoka chini. Kisahani ni kile kinachoshika ncha ya kamba juu. Kidomo ni kile chenye umbo la mdomo wa ndege, kinachozunguka na kutengeneza fundo. Mkono ni ule unaopita na kisu, ukakata kamba na kulivua fundo kutoka kwenye kidomo.

Robota linapoanza, ncha moja ya kamba tayari imeshikwa na kisahani. Nyasi zinaisukuma kamba nyuma. Urefu ukitimia, sindano inapanda na kuweka kamba ya pili kwenye kisahani hichohicho. Kidomo kinazunguka mara moja, kinapanua mdomo na kuziuma kamba zote mbili. Kisu kinakata, mkono unavua. Ncha mpya inabaki kwenye kisahani kusubiri robota lijalo.

Kwa hiyo kila kamba iliyoshindwa ina ncha mbili zenye historia tofauti. Ncha iliyo upande wa robota unaotoka kwanza ni ya kisahani. Iliyo upande unaotoka mwisho ni ya sindano. Ziwekee alama robota likiwa bado halijaanguka, hata kwa chaki, kwa sababu likishamwagika hutajua ipi ni ipi.

Sasa angalia fundo liko wapi.

Likiwa kwenye ncha ya kisahani peke yake, kidomo kilifanya kazi yake lakini kamba ya sindano haikukifikia. Usiguse springi ya kidomo hata kidogo. Tazama sindano imepinda au haifiki juu inavyotakiwa, tazama kidole kinachosukuma kamba kuelekea kidomo, na tazama kamba inavyotoka kwenye sanduku. Kamba isiyo na mvutano kabisa hulegea, na sindano inaibeba vibaya.

Hapa pana kidokezo ambacho wengi hawakihesabu. Kama kamba ya sindano haikuingia kwenye kisahani, robota linalofuata nalo litashindwa upande uleule, kwa kuwa hakuna ncha iliyobaki juu. Makosa yakija mawilimawili, tafuta kwenye kisahani na sindano. Likija moja, kisha robota linalofuata likafungwa vizuri, kamba ilifika kwenye kisahani ila kidomo kiliikosa. Hapo mtuhumiwa ni kile kidole.

Fundo likiwa kwenye ncha ya sindano peke yake, mambo yanageuka. Ncha ya kisahani ilichomoka kabla ya fundo kukamilika. Ama kisahani kimelegea, ama robota limekazwa mno hadi likaichomoa. Legeza kwanza vibanio vya nyuma vinavyobana robota, ufunge marobota matatu, ndipo ufikirie kukaza springi ya kisahani.

Hakuna fundo upande wowote? Angalia ncha zenyewe. Zikiwa zimejikunja kama nywele zilizotoka kwenye rola, kidomo kiliziuma kikashindwa kuzishikilia: springi yake imelegea au imechakaa. Zikiwa zimenyooka, kidomo hakikuzigusa, na huenda hata hakikuzunguka. Tazama pini ya gia yake ndogo.

Fundo lipo, zuri kabisa, lakini kamba imekatika pembeni yake na fundo limebaki likining'inia kwenye kidomo. Hilo ni la mkono. Mkono unatakiwa kuugusa mgongo wa kidomo kwa wepesi unapopita, na kuivuka ncha yake. Ukiacha nafasi, fundo haliwezi kuvuliwa, na robota linaposukumwa linavuta mpaka kamba inakatika. Kabla ya kuunyoosha mkono, pitisha kidole chako kwenye kidomo, mashine ikiwa imezimwa. Kidomo kilichokaa msimu mzima wa masika bila oili hupata kutu, na kutu hiyo inatosha kulishika fundo. Msasa laini na oili kidogo, basi.

Ncha zilizochanika nyuzinyuzi huwa na maana mbili: kisu butu, au kisahani kilichobana mno mpaka kinaitafuna kamba. Kisu kinanolewa kwa dakika chache. Nianze na kipi? Kisu. Siku zote kisu, kwa sababu kukinoa hakubadilishi marekebisho mengine yoyote.

Na kama kamba imekatika mbali na fundo, katikati ya robota, kichwa hakina kosa lolote.

Shaka iliyonirudisha kwenye sanduku la kamba

Ukishazoea kusoma ncha, unaanza kuona jambo lisilopendeza: dalili zinabadilika bila mtu kugusa kitu. Asubuhi fundo liko upande wa kisahani, mchana liko upande wa sindano. Kichwa kibovu hakibadilishi tabia hivyo. Chuma kilichochakaa hukosea kwa namna ileile.

Kinachobadilika ni kamba.

Mashine nyingi za umri huu zilirekebishwa kwa ajili ya katani. Na katani hiyo ina habari zake kwetu. Richard Hindorf aliileta Tanga mwaka 1893 kutoka Florida, na miche 62 tu ndiyo iliyofika hai. Kufika 1964 nchi ilikuwa inazalisha karibu tani 230,000 kwa mwaka, na sehemu kubwa ilikwenda kusokotwa kuwa kamba za kufungia marobota katika mashamba ya Ulaya na Marekani. Kisha ikaja kamba ya plastiki na soko likaporomoka. Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba bela iliyoshushwa bandarini Dar leo ilikula katani ya Tanga miaka 50 iliyopita huko ilikotoka, na sasa inalishwa plastiki hapa Pwani. Mtu akicheka simlaumu.

Plastiki inateleza. Springi ya kisahani iliyotosha kuishika katani haitoshi kuishika plastiki, na ya kidomo vilevile mara nyingi inahitaji kukazwa kidogo. Ukirudisha katani bila kulegeza, kisahani kinaanza kuitafuna. Wanaonunua kamba kwa kuangalia bei ya siku, wiki hii plastiki na wiki ijayo katani, huishi kwenye mzunguko wa kukaza na kulegeza wakidhani mashine ina mashetani.

Chagua moja, ubaki nayo msimu mzima.

Nikiulizwa, kwa mashine ya zamani nachagua katani, hata kama panya wa stoo nao wataichagua. Mabaki yake yakiingia kwenye chakula cha ng'ombe yanaoza. Kamba ya plastiki ikimezwa hukaa tumboni ikijikusanya.

Soma namba kwenye mfuko. Iliyoandikwa 9000 ina futi 9,000 kwa mfuko wa mabunda mawili, yaani karibu mita 2,740. Namba ikiwa kubwa zaidi, kamba ni nyembamba zaidi. Robota la sentimita 90 hula karibu mita 5.2 kwa kamba zote mbili, kwa hiyo mfuko unatoa marobota 500 na ushee. Ukipata 400, au marobota yako ni marefu, au mfuko ulipunjwa.

Kamba huvutwa kutoka ndani ya bunda. Ncha ya nje ya bunda la kwanza hufungwa na ncha ya ndani ya bunda la pili, kwa fundo bapa dogo lililokatwa masikio. Fundo nene hukwama kwenye tundu la sindano, na hapo ndipo kosa moja la ghafla linapozaliwa katikati ya siku iliyokuwa shwari. Liangalie hilo kabla ya kumpigia fundi simu.

Kuzungusha kwa mkono

Zima injini. Toa ufunguo na uuweke mfukoni mwako, si mfukoni mwa dereva. Chomoa shafti ya PTO, ile inayoleta nguvu ya trekta kwenye mashine, subiri flaiwili, gurudumu zito linalotunza mwendo, isimame yenyewe, na haisimami upesi.

Kisha achia kichwa kianze kufunga kwa kunyanyua mkono unaopima urefu, na uzungushe flaiwili kwa mkono kuelekea upande inakozunguka siku zote. Usiirudishe nyuma. Mtu mmoja tu ndiye anayezungusha, na kabla ya kusogeza anasema. Sindano haijui kidole cha mtu.

Tazama mambo haya kwa utaratibu wake. Sindano zinaingia chumbani wakati plunja, kile kipande kizito kinachokwenda na kurudi kikishindilia nyasi, imezisukuma nyasi, zikipita kwenye mifereji ya uso wake. Zinapita karibu na fremu ya kichwa bila kuigonga. Kamba inalala ndani ya mfereji wa kisahani, si pembeni yake. Kidomo kinazunguka mzunguko mmoja kamili. Mkono wa kisu unafagia. Sindano zinarudi mpaka mwisho na kutulia hapo bila kuchezacheza.

Ukiona kasoro, rekebisha kitu kimoja. Robo mzunguko wa nati, si zaidi. Andika. Funga marobota matano. Ndipo uamue.

Inachosha, najua. Inachosha zaidi kutafuta mahali nati tano zilipokuwa zamani.

Bolti iliyotengenezwa ili ikatike

Baada ya kamba, bolti ya flaiwili ndiyo inayopoteza siku nyingi zaidi. Imewekwa pale ivunjike ili sindano, plunja na giaboksi zisivunjike. Ikikatika mara tatu kabla ya chakula cha mchana, mtu anatumwa Kariakoo alete "ile ngumu". Ile ngumu haikatiki. Kinachokatika ni sindano.

Kichwa cha bolti ya inchi kisicho na alama ni laini, daraja la 2. Mistari mitatu ni daraja la 5, sita ni daraja la 8. Kwenye bolti za milimita, 5.8 iko karibu na daraja la 2, 8.8 iko karibu na la 5, na 10.9 iko karibu na la 8. Kama kitabu cha mashine kinasema laini na wewe ukaweka 8.8, umeongeza nguvu ya kukata kwa karibu asilimia 60. Giaboksi haikuongezewa kitu.

Lakini hapa nami nilikuwa na shaka. Kama bolti ni sahihi, mbona inakatika kila mara?

Jibu liko kwenye sura ya mkatiko. Bolti iliyokatwa na mzigo mmoja mkubwa ina uso bapa na safi. Iliyochoka ina ngazi, imepinda kabla ya kukatika, au ina alama za duara kama mawimbi ya ufukweni. Ya pili haikuuawa na nyasi. Imeuawa na tundu lililolika likawa yai, hivyo bolti inacheza, inagongwa mara 70 au 80 kwa dakika kwa kila pigo la plunja, mpaka inachoka. Suluhisho ni bushi mpya kwenye tundu, kazi ambayo mafundi wa kuchonga vyuma Gerezani wanaimaliza haraka, na nati iliyokazwa sawasawa.

Wengine hupanua tundu la inchi 3/8 ili bolti ya milimita 10 iingie. Inaingia, na umeongeza eneo la chuma linalokatwa kwa asilimia 10. Hiyo si dhambi kubwa. Kubwa ni kununua bolti yenye uzi kuanzia kichwani mpaka mwisho. Mahali inapokatwa panatakiwa pawe na shina laini. Penye uzi chuma ni chembamba, na bolti sahihi kwa daraja inakatika kama biskuti.

Halafu kuna wale wanaopunguza mwendo wa PTO ili "kuihurumia mashine". Flaiwili inabeba nguvu kwa mraba wa mwendo wake. Ukishuka kutoka mizunguko 540 kwa dakika hadi 430, umebaki na asilimia 63 tu ya nguvu iliyohifadhiwa, na plunja inakutana na nyasi zilezile. Kama nyasi ni nyingi, punguza mwendo wa trekta kwa gia. PTO iache kwenye 540.

Bolti ikikatika wakati sindano zinapanda au zinaposhuka, na si wakati mwingine, usitafute kwenye nyasi. Kuna kizuizi kinachoingia mbele ya plunja sindano zisiporudi mahali pake, na kazi yake ni hiyohiyo ya kusimamisha kila kitu. Breki ya kichwa ikilegea, sindano zinabaki zimechungulia kidogo, kizuizi kinaingia, bolti inakatika. Kaza breki. Wanaokifungia kizuizi kwa waya kisiingie tena hununua sindano mbili mpya, kama wakizipata.

Robota la ndizi

Hili nilipitie haraka. Robota lililopinda lina upande wenye nyasi nyingi kuliko mwingine. Ama mstari wa nyasi unaingia upande mmoja, ama uma wa kusukuma haufiki mwisho wa chumba, ama visu vya plunja ni butu na vinachana badala ya kukata. Majani ya mpunga yana mchanga na silika, yanaua visu upesi kuliko nyasi za Rhodes. Ukitoka kwenye mpunga, noa kabla ya kuingia kwenye malisho. Nafasi kati ya kisu cha plunja na kile kisichotembea isizidi milimita 0.8. Kama huna fila, kile kipimo cha nafasi nyembamba, mgongo wa utepe wa msumeno wa chuma una karibu milimita 0.6 na unatosha kukuonyesha.

Hesabu pia vipande ndani ya robota. Kila kipande ni pigo moja la plunja. Robota la sentimita 90 lenye vipande 14 hadi 16 limelishwa vizuri. Lenye vipande 8 lilifungwa na dereva mwenye haraka.

Urefu ukibadilikabadilika, angalia gurudumu la meno linalopima urefu: huwa linateleza juu ya nyasi, au springi yake imechoka.

Chumvi kwenye chupa

Upepo wa bahari haujali kalenda. Hata Julai, nyasi zilizo kavu saa nane mchana zinaanza kuvuta unyevu jua likishuka, na robota la saa kumi na moja jioni ni zito kuliko la saa nane kutoka mstari uleule. Plunja inalijua hilo kabla yako. Bolti nayo inalijua.

Asilimia 15 hadi 18 ya unyevu ndiyo inayotakiwa. Ikipita 20, robota linapata joto na ukungu. Bila kipimo, katakata nyasi, tia kiganja kimoja kwenye chupa kavu na kijiko cha chumvi, tikisa dakika mbili au tatu. Chumvi ikishikana, subiri. Ila chumvi ya jikoni hapa Dar huwa imeshashikana yenyewe. Ikaange kwanza kwenye sufuria kavu, iache ipoe.

Na zile kamba zilizoshindwa, tatu za mwisho, zifunge kwenye reli ya mashine, za kulia upande wa kulia, za kushoto upande wa kushoto, zikiwa na alama ya chaki kwenye ncha ya sindano. Fundi akifika, mwonyeshe kabla hajafungua boksi la spana.